IST inakunywa mafuta kuliko zamani: nioshe nozeli au tatizo liko kwingine?

MamaWaMbezi

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naomba msaada kwenye tuta.

Nina Toyota IST, injini 1NZ, ile ya cc 1490. Nakaa Mbezi Mwisho, kazini ni Posta, kwa hiyo maisha yangu yote ni Morogoro Road, kwenda na kurudi. Tangu niinunue gari hii nilikuwa napata kilomita 12 kwa lita, na nikiwahi kutoka kabla foleni haijashika hata 13. Sasa hivi napata 9. Sikisii: najaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, narudisha tripu kwenye sifuri, nikienda kujaza tena kwenye sheli ileile nagawa kilomita kwa lita zilizoingia. Njia sijabadilisha, AC natumia kama zamani, na mizigo sibebi.

Dalili nyingine: asubuhi nikiwasha inatetemeka kidogo ikiwa sailensi (inanguruma tu, sijakanyaga mafuta), halafu inatulia. Nikitoka Ubungo kupanda kuelekea Kimara naona lazima nikanyage zaidi ya nilivyozoea. Taa ya injini haiwaki. Plagi ni mpya, eya klina mpya, oili namwaga kwa wakati.

Fundi wa jirani anasema nozeli, vile vinavyonyunyizia mafuta kwenye injini, zimeziba, atazitoa, ataziunga kwenye betri na kuzipuliza kwa dawa ya kopo, elfu sitini. Duka la spea Kariakoo wameniambia ninunue kichupa cha dawa nimimine kwenye tenki, basi. Mtu wa tatu anasema nisihangaike, ninunue nozeli nne za mtumba kutoka Japani nifunge. Kila mmoja ana uhakika na anachosema. Nimwamini nani? Hela ya kujaribujaribu sina, na mafuta yenyewe mnajua bei ilivyo.

Nawasilisha.

DerevaTegeta

Dada, anza kwa kubadilisha sheli. Kuna moja ilikuwa njiani kwangu, nikijaza pale gari inakuwa nzito, nikijaza kwingine inakuwa nyepesi. Siku nilipoihama, mambo yakakaa sawa. Na ukijaza uchukue risiti kila mara, likitokea lolote unakuwa na pa kuanzia.

KijanaWaIlala

Mimina dawa ya tenki, dada. Mimi Vitz yangu kila nikimwaga oili namimina chupa moja, haijawahi kunisumbua. Kufungua nozeli ni kutafuta ugonjwa ambao haupo.

FundiTabata

Dada salaam, na hongera kwa kupima. Wengi wanaokuja gereji wanasema "inakula" lakini hawana namba hata moja, sasa mtu unaanzia wapi?

Nozeli ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye injini, kwa hiyo nikikuambia usizitoe bado, ujue sisemi kwa kuzidharau. Nozeli chafu zipo, na zinakula mafuta kweli. Ila kushuka kutoka 12 mpaka 9 ni kupoteza robo ya mwendo wako kwa kila lita. Nozeli peke yake mara chache zinafika huko bila taa kuwaka au gari kumisi waziwazi. Upotevu ukiwa mkubwa hivyo, mara nyingi kuna vitu viwili au vitatu vimekutana, na ukikimbilia kimoja utalipa halafu ubaki pale pale.

Kwanza ujue kinachofanyika mle ndani. Pampu iko ndani ya tenki, inasukuma petroli mpaka kwenye reli iliyo juu ya injini. Kwa 1NZ presha ya pale inatakiwa kuwa kati ya kPa 304 na 343. Nozeli ni vali ndogo ya umeme. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaifungua kwa milisekunde chache, gari ikiwa sailensi ni kama mbili au tatu hivi, kisha inaifunga. Haipimi mafuta yaliyotoka. Inahesabu muda tu, na kuamini kwamba nozeli imetoa kile kile ilichokuwa inatoa ikiwa mpya.

Uchafu unaingiaje? Ukizima gari ikiwa ya moto, petroli kidogo inabaki kwenye ncha ya nozeli, inakauka, inaacha utando mgumu kama vanishi. Siku moja haina madhara. Miaka ya foleni, kuzima na kuwasha, inajenga. Nozeli nzima inatoa ukungu mwembamba kama chupa ya marashi. Iliyochafuka inatoa mchirizi, au inatupa upande mmoja, na matone makubwa hayaungui yote.

Watu huniuliza: nozeli ikiziba si inatoa mafuta machache, sasa gari inakulaje zaidi? Ni hivi. Ile sensa ya oksijeni kwenye egzosi inanusa moshi wa silinda zote nne ukiwa umeshachanganyika. Nozeli moja ikiwa na njaa, sensa inaona oksijeni imezidi, inaiambia kontrol boksi iongeze. Kontrol boksi inaongeza kwa zote nne. Ile yenye njaa inabaki na njaa yake, tatu zenye afya zinamwagiwa kuliko zinavyohitaji. Nguvu inapungua, mguu wako unazama, na tenki linashuka. Kuna na aina ya pili, nozeli isiyofunga vizuri, inayodondosha hata ikiwa imezimwa. Hiyo ndiyo inayokupa harufu ya petroli na kuwasha kwa shida gari ikiwa ya moto.

Sasa fanya hivi. Cha bure kwanza: angalia upepo wa tairi zikiwa baridi, ulinganishe na stika iliyo mlangoni kwa dereva. Stika za Japani zinaandika kPa, na 220 ni kama 32 kwa kipimo cha psi cha vijana wa upepo. Halafu ukifika nyumbani, sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse diski. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki inashika na unaendesha huku unajifunga.

Cha kulipia: tafuta gereji yenye mashine inayosoma Toyota za Japani. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vya bei rahisi vingine havielewani na gari la soko la Japani la miaka ile, utapata skrini tupu. Usiwaambie wakusomee kodi (code) za makosa tu, maana taa haiwaki na watakuambia gari ni nzima. Omba wakuonyeshe namba gari ikiwa inanguruma.

Ya kwanza ni fueli trimu ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kontrol boksi imejizoesha kuongeza au kupunguza. Isome ikiwa sailensi, kisha ukiwa umeshikilia mizunguko 2,500. Ndani ya 10 juu au chini haina neno. Ikifika karibu na 25 ndipo taa huwaka, kwa hiyo katikati hapo gari inaweza kuumwa kimya kimya muda mrefu. Trimu ikiwa kubwa sailensi halafu ikashuka ukikanyaga, kuna mpira unaovuta hewa pembeni, nozeli waziache. Ikibaki juu au ikapanda ukikanyaga, mafuta hayatoshi, au eya flo sensa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, ina vumbi na inasoma hewa kidogo kuliko inayoingia.

Ya pili, joto la maji ya injini gari ikiwa barabarani, siyo ikiwa imeegeshwa. Hii wengi wanairuka na inaniuma sana.

Kuhusu kuunga nozeli kwenye betri na kupuliza dawa ya kopo, nakuomba kwa heshima zote usikubali. Koili ya nozeli imetengenezwa ipate umeme kwa milisekunde. Ukiishikilia kwenye betri inachemka na inaweza kuungua. Cheche za waya za betri na mvuke wa dawa ile, mtu ameinama juu yake, ni moto unaosubiri siku yake. Na hata isipotokea ajali, hujapima chochote. Utajuaje kama ya pili na ya nne zinatoa sawa?

Njia sahihi ni benchi ya kupimia. Nozeli zote nne zinaning'inizwa juu ya mirija ya kioo yenye alama za mililita, zinarushwa kwa muda mmoja, unaona kwa macho yako ipi imejaza na ipi imebaki chini. Unaona na umbo la ukungu. Kisha zinawekwa kwenye presha bila kufunguliwa, unaangalia kama kuna ncha inayotoa tone. Baada ya hapo zinaingia kwenye beseni la mawimbi ya sauti, zinasafishwa humo, zinarudi benchi kupimwa tena. Vichujio vidogo vilivyo juu ya nozeli na oringi zote vinawekwa vipya. Usikubali oringi za zamani zirudi, zimeshakauka, na petroli ikivuja pale inamwagikia injini ya moto. Uwepo mwenyewe, upige picha ya mirija kabla na baada. Fundi anayekataa usione vipimo, chukua nozeli zako uondoke.

KijanaWaIlala, dawa ya tenki siipingi yote. Yenye PEA, polietheramini, inafanya kazi kwa utando mwepesi, hasa ukiimimina kabla ya kujaza na ukafuata kipimo cha kwenye chupa. Soma lebo, kwani nyingi zilizojaa madukani hazisemi zina nini. Ila nozeli iliyoziba sana haitaifungua, na inayodondosha kwa sababu imechakaa haitaiziba.

Na sheli: mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiendelee kuwa nafuu ya kuchanganyia, na tangu hapo mimi nakutana na maji kwenye tenki kuliko mafuta ya taa. Ukiwa na wasiwasi na sheli, EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti mafuta, ndio wenye kazi hiyo, wape taarifa ukiwa na risiti.

Nozeli za mtumba usinunue. Zimetoka kwenye injini usiyoijua, zimekaa kavu kwenye kontena na bandarini, na petroli iliyobaki ndani imeshakuwa gundi. Utalipia uchafu wa mtu mwingine.

Lete namba, tuendelee.

MamaWaMbezi

Fundi, Mungu akubariki. Nimeyafanya yote.

Rimu zote joto lake linafanana. Tairi zilikuwa 24 hadi 26, stika inasema 220.

Gereji nimeipata Mikocheni, kijana alinikalisha kwenye siti ya abiria na mashine mkononi, tukaenda nayo barabarani. Trimu ya muda mrefu: sailensi +11, kwenye mizunguko 2,500 ikawa +14. Joto la maji: tukiwa foleni lilifika 79, barabara ilipofunguka likashuka mpaka 66, na halikupanda tena mpaka tuliposimama. Kijana akaniuliza, dada, hii gari ina thamostati? Nikakumbuka mwaka jana rejeta ilipobadilishwa, fundi alinipa kichuma kidogo mkononi akasema hiki Dar hakina kazi, huku ni joto. Kiko kwenye droo jikoni mpaka leo.

FundiTabata

Dada, hapo umekamata nyoka kichwani.

Hili la kutoa thamostati ni janga la mji huu, na linafanywa na mafundi wenye nia njema kabisa. Wanaona joto la nje wanadhani injini nayo inahitaji ubaridi. Injini haitaki baridi. Thamostati ya 1NZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike hapo. Ukiitoa, upepo wa barabarani unaipooza injini saa zote. Kontrol boksi inaona nyuzi 66 inasema bado haijapata moto, inaendelea kumwaga mafuta ya kuipasha. Petroli nayo haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma kilichopoa, nyingine inajibandika ukutani mwa silinda na kuosha oili. Kwa hiyo siyo mafuta tu, hata ringi za pistoni zinalika mapema.

Usirudishe hicho cha droo. Nunua mpya yenye gaskiti yake, na jaza kulanti, siyo maji ya bomba, kwa sababu maji ya bomba yanaleta kutu na magadi, na ndiyo mwanzo wa rejeta kufa.

Sasa zingatia mpangilio. Thamostati na upepo kwanza, halafu tembelea tenki moja upime. Ndipo waoshe eya flo sensa kwa dawa yake maalumu isiyoacha mafuta, wasiguse waya wake kwa kidole wala pamba, na wapime presha ya reli. Trimu ikibaki juu na presha ikiwa nzuri, nozeli zitoke. Ukifanya vyote siku moja, hutajua kipi kilikuwa kinakula hela yako, na mwakani tatizo likirudi utaanza upya.

Wala +11 na +14 si namba za kupuuza. Thamostati haielezi hizo. Nozeli zako nadhani nazo zina neno.

JamaaWaNoah

Samahani kuingilia, fundi. Mimi nina Noah ya D4, nayo inakula na kutetemeka. Naweza kufuata haya haya?

MamaWaMbezi

Nimerudi na majibu, samahani kwa kuchelewa, nilitaka nisubiri tenki liishe kila hatua kama ulivyoniagiza.

Thamostati mpya, kulanti mpya, upepo 32: nikapata kilomita 11 kwa lita. Joto sasa linakaa kwenye 85 na kuendelea, foleni au barabara wazi.

Eya flo sensa ilikuwa na vumbi, ikaoshwa, trimu ikashuka kidogo tu, ikakaa +12 kwenye mizunguko 2,500. Presha ya reli kPa 320. Basi nikasema nozeli zitoke, na nikasimama pale pale.

Fundi, ile mirija nimeiona. Nozeli tatu zilijaza mpaka karibu na 70, zikapishana kidogo kidogo. Ya silinda ya tatu ikaishia 58, na badala ya ukungu ilikuwa inatupa mstari uliolalia kushoto, unagonga kioo na kuteremka. Ya silinda ya pili ilijaza vizuri, lakini walipoweka presha bila kuifungua, tone likajikusanya kwenye ncha, likaning'inia, likadondoka, likaanza lingine. Nikaelewa kwa nini asubuhi ilikuwa inatetemeka halafu inatulia.

Zikaingia kwenye beseni. Zilivyorudi benchi zote nne zilisimama kati ya 71 na 73, na ile ya pili ikakaa kavu. Vichujio vipya, oringi mpya, nimeziona zikitoka kwenye pakiti. Trimu sasa +3. Nimepata 12 na kitu, mlima wa Kimara napanda bila kugombana na gari, na asubuhi imetulia tangu inapowaka.

Gharama imezidi ile elfu sitini, sitaficha. Lakini zaidi ya nusu ya nilichopoteza ilikuwa ni kichuma cha kwenye droo pamoja na upepo wa tairi, na kama ningekubali kuunga betri nisingekijua kamwe. Wenye IST, Raum, Vitz, Spacio, waulizeni mafundi wenu kama thamostati ipo.

FundiTabata

Umenifurahisha sana, dada. Hiyo nozeli ya pili uiangalie. Mara nyingine uchafu ndio uliokuwa unaizuia kufunga na sasa imepona. Mara nyingine kiti cha vali kimechakaa na itarudi kudondosha. Ukisikia harufu ya petroli asubuhi au ikakataa kuwaka ya moto, hiyo moja ununue mpya. Na tenki usiliache likae robo kila siku, maana pampu inapozwa na petroli yenyewe iliyoizunguka, na pampu ikichoka presha inashuka na trimu itapanda tena.

JamaaWaNoah, upepo, breki, thamostati na kupima kwa mashine, fuata yote kama yalivyo. Nozeli ndipo tunapoachana. D4 inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, siyo kwenye njia ya hewa, na presha yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya IST, inatoka kwenye pampu ya pili iliyo juu ya injini. Usifungue bomba lolote pale kabla presha haijatolewa, ile petroli inaweza kupenya ngozi. Nozeli zake zinahitaji benchi inayokubali presha hiyo, kwa hiyo uliza kabla hujazitoa, na ncha zake zina washa za kuzuia moto wa silinda ambazo lazima ziwe mpya kila zinapotolewa. Halafu kwa sababu petroli haipiti kwenye vali za kuingizia hewa, vali hizo haziogeshwi na chochote, zinajenga masizi mazito, na dawa ya tenki haifiki pale hata umimine chupa kumi. Kutetemeka kwa D4 mimi naanza kutafuta chanzo chake huko: throto bodi (lango la hewa), njia ya hewa na vali. Mwambie fundi aingize kamera ndogo kwenye njia ya hewa, mwone masizi yalivyo, ndipo mpatane bei.